Patasi Hainunuliwi kwa Haya

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huanza kucheka kabla sijaanza kusikitika. Ilikuwa asubuhi, baba keshafungua duka, nami nimekaa nyuma ya pazia nachagua mchele, nikasikia sauti ya kijana ikiamkia: "Shikamoo, baba." Sinia likanitoka mkononi, mchele ukamwagika wote, na sikuuokota mpaka mwenye sauti alipoondoka. Kijana huyo ndiye babu yako Makame, huyo unayemwona amelala barazani na kofia imemfunika uso. Siku ile alikuja kununua patasi, na nusura patasi hiyo itukoseshe ndoa.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi umeniuliza duka gani mtu atapata zana nzuri za mkono siku hizi. Umesema umenunua randa, chuma chake kimepoteza makali kabla hujamaliza ubao mmoja, na sasa unawalaani wenye maduka wote, waliopo na waliokufa. Polepole, mwanangu. Miongoni mwa hao waliokufa yumo baba yangu. Kaa unywe chai yako, mimi nimekulia ndani ya duka la zana na nitakwambia ninavyojua.

Baba, Mungu amrehemu, aliitwa Mzee Salim, lakini mji mzima ulimjua kwa jina la Salim Misumari. Duka lake lilikuwa Mkunazini, chini ya nyumba yetu, kwenye kichochoro chembamba ambacho mtu akipita na ngazi begani wenziwe husimama kumpisha. Misumeno ilining'inia darini, majembe yasiyo na mipini yalipangwa sakafuni, tupa zilifungwa kwenye karatasi zenye mafuta, na mbuzi za kukunia nazi ziliwekwa karibu na mlango ili wanawake wasilazimike kupenya katikati ya mafundi. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye pazia la kanga kuukuu. Huko ndiko nilikoshinda tangu mama alipofariki. Baba akitaka kitu huita, "Rukia," nami huitika, "Naam, baba," nikampitishia bawaba au tupa kando ya pazia.

Juu ya meza ya duka kulikuwa na kigogo cha mfenesi kilichojaa makovu. Kazi yake ilikuwa moja tu, mteja ajaribie anachokinunua. Baba alikuwa akiwaambia wateja wageni, "Humu hamna hitima, msininyamazie. Gonga, kata, ukatae." Wanawake wa Ng'ambo hawakuhitaji kuambiwa. Mwanamke akija kununua mbuzi hupitisha kidole gumba kwenye meno yake, akaitupa kando isiyompendeza, akachukua nyingine, huku akimtania baba kwamba mbuzi zake zimeng'oka meno kama yeye. Wenye haya walikuwa wanaume. Mwanamume akiona kitu kinang'aa huona aibu kukitilia shaka mbele ya watu, na ugonjwa huo wanao mpaka leo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Zana za zamani zilizokuwa zikija kutoka Uingereza zilikuwa zimeadimika, na meli zilileta masanduku mapya kutoka China na nchi nyingine. Kazi za ujenzi zilikuwa nyingi. Nyumba mpya zilijengwa huko Ng'ambo, milango na madirisha yakitakiwa kila siku, na mafundi wakizunguka Darajani na Mkunazini wakitafuta cha kufanyia kazi. Usidhani zana ngeni zilikuwa mbaya. Nyingine zilizishinda zile za zamani. Taabu ni kwamba ndani ya sanduku moja zililala pamoja iliyopikwa vizuri motoni na isiyopikwa sawasawa, na kwa macho huwezi kuzitenga. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na zote ziling'aa.

Zamani baba angezijaribu mwenyewe, moja baada ya moja. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na hakuweza tena kushika patasi na nyundo bila kujiumiza. Ikawa anategemea ndimi za mafundi. Fundi akinunua leo, keshokutwa baba humsimamisha njiani na kumuuliza, "Wasemaje?" Akijibiwa kuwa ni nzuri, huagiza tena. Akijibiwa kuwa ni mbaya, hurudisha sanduku kwa muuzaji wa jumla, na fundi yule akapewa nyingine pamoja na shukrani. Hivyo ndivyo duka letu lilivyoendeshwa, na ndiyo sababu watu walitoka mpaka Bububu kuja kununua kwetu.

Sasa Makame. Alikuwa seremala kijana wa Kikwajuni, huko Ng'ambo, mtoto wa watu wa Makunduchi waliohamia mjini, hodari wa kazi na mzito wa maneno. Shangazi yake, Bi Mwanakombo, alikuja na ami zake kuniposa. Majirani wakanong'ona, maana majirani hawana kazi nyingine: binti wa Mkunazini aende kwa fundi wa Ng'ambo? Baba aliwasikia. Akasema, "Mie nauza nyundo maisha yangu yote. Vipi nimdharau anayezipiga?" Hata hivyo hakutoa jibu. Aliwaambia wazee wa Makame wampe muda amtazame kijana, kwa kuwa desturi ni hiyo, mtoto wa mtu hatolewi siku ileile kama kibaba cha unga. Mimi, niliyemzoea sauti nyuma ya pazia, nilishatoa jibu langu zamani, ila hakuna aliyeniuliza.

Basi ndipo Makame akaja asubuhi ile ya mchele. Alikuwa amepata kazi ya milango na madirisha kwenye nyumba moja ya Mtoni, akataka patasi pana ya kutobolea fremu. Baba akaifungua moja kutoka sanduku jipya, akamwekea mezani.

"Jaribu. Kigogo hicho hapo."

"Hapana haja, baba," Makame akajibu. "Ikitoka mkononi mwako yatosha."

"Kigogo nimekiweka kwa kazi, kijana wangu."

"Ntakuwa kama nakutuhumu. Sithubutu."

Baba akacheka kidogo, akaifunga patasi kwenye karatasi. Nami nyuma ya pazia nikayeyuka. Nikajiambia kwamba nimepata mume mwenye adabu ambaye hata patasi ya mkwe wake haigongi. Mapenzi, mwanangu, hayana masikio. Mimi niliyekuwa nikijua msumeno mzuri kwa kuusikia ukiguswa tu, siku ile sikusikia chochote isipokuwa sauti ya mnunuzi.

Na wewe usimcheke sana babu yako. Alilelewa hivyo, kama sisi sote. Mkwe hakodolewi macho, hapandishiwi sauti, hapingwi. Kwa Makame, kugonga patasi ya baba mbele ya baba kulikuwa sawa na kumwambia, wewe mzee ni mlaghai. Na huyo mzee ndiye aliyeshika jibu la posa yake.

Yaliyotokea Mtoni niliyajua baadaye kwa kinywa chake mwenyewe. Patasi ilitoboa tundu la kwanza, la pili makali yakakunjika. Akainoa kwenye kinoo, ikakunjika tena. Chuma kilikuwa laini. Fundi yeyote mwenye akili angerudi Mkunazini siku ileile. Makame akafikiri: nimrudishie mkwe kitu chake kabla hajanijibu? Akaona heri aimeze. Akapita Darajani, akaingia duka jingine, na huko akagonga, akasikiliza, akajaribu na kuchagua patasi nzuri bila taabu, kwa kuwa mwenye duka lile hakuwa na binti anayemtaka. Ile ya baba akaifunga kitambaa, akaitia chini kabisa ya sanduku lake la kazi.

Ijumaa akapita dukani kwetu na kanzu yake nyeupe, anatoka msikitini. Baba akamsimamisha.

"Patasi yangu, wasemaje?"

"Nzuri sana, baba. Yakata vizuri mno."

Mwanangu, babu yako hakuwa mwongo, na hajawa mpaka leo. Alitaka tu kumfurahisha mzee. Aliyasema maneno yale kama mtu anayemwekea mgeni mto mgongoni.

Baba akafurahi kwelikweli. Wiki ileile akachukua masanduku yote ya patasi zile yaliyobaki kwa muuzaji wa jumla, akaanza kuwauzia mafundi akiwaambia zimeshajaribiwa. Wa kwanza alikuwa Mzee Haji wa Malindi, fundi wa nakshi za milango, rafiki yake waliyesoma naye chuo cha Kurani tangu udogo. Mzee Haji akaichukua patasi nyembamba na kuipeleka kwenye kigogo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Usijisumbue, Haji," baba akamwambia. "Mkwe wangu kazijaribu."

Mkwe wangu. Hakuwa amewahi kulitamka neno lile. Nikauma ncha ya kanga nisije nikapiga kigelegele dukani mbele ya watu. Nilijua sasa kwamba jibu ni ndiyo, na limebaki kupelekwa tu. Mzee Haji naye akairudisha patasi kwenye karatasi bila kuigonga, akatia mfukoni, wakaendelea na kahawa yao.

Hazikupita siku nyingi Mzee Haji akarudi. Hakuamkia. Aliweka juu ya meza patasi iliyokatika ncha, na kando yake kipande cha ubao chenye ua lililochongwa nusu, limepasuka katikati. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kitambaa chenye damu. Kumbe zile patasi nyingine zilikuwa laini na nyingine zilikuwa kavu mno, na hii ya kwake ilimkatikia ndani ya ua, ikaruka, ikamwingia kiganjani. Mlango ulikuwa wa watu na ulikuwa karibu kwisha.

"Salim," akasema, "mie sikuijaribu kwa kuwa weye ulinambia imejaribiwa."

Basi. Akaondoka zake. Baada yake wakaja mafundi wengine, mmoja leo, wawili kesho, kila mmoja na patasi yake. Baba akawarudishia haki yao bila kubishana hata na mmoja. Lakini maneno yalishatangulia mabarazani, kwamba Salim Misumari kazeeka, sasa anauza mabati yaliyochongwa ncha. Nilimwona baba yangu akifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona ila siku ya kifo cha mama. Chakula nilichompelekea nilikikuta kimepoa kama kilivyo. Nikamwonea huruma, na bado sikujua kosa liko kwa nani.

Akamwita Makame. Kijana akaja amevaa nguo za kazi, vumbi la mbao kichwani. Nikasogea karibu na pazia. Naam, nilisikiliza, na ningesikiliza tena.

"Ile patasi niliyokuuzia," baba akasema, "umeijua lini kuwa mbovu?"

Makame akajibu, "Siku ya kwanza, baba."

"Na Ijumaa nilipokuuliza?"

"Nlishajua."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nliona haya, baba. Nlitaka kukuheshimu."

Baba hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Heshima uliyonipa ni ile apewayo maiti. Maiti husifiwa na kila mtu, na hapana amwambiaye kuwa sanda yake imekaa upande. Mie ningali hai, Makame. Mikono yangu hii waiona, haishiki tena kitu. Nliazima mikono yako na ulimi wako, nikakuamini, nikaenda nikamuahidi rafiki yangu kwa jina lako. Leo Haji hawezi kushika patasi. Ungenitukana mbele ya mtaa mzima, nisingeumia hivi."

Makame akasema, "Nisamehe, baba."

"Nshakusamehe. Lakini binti yangu simtoi kwa mtu atakayeona nyumba inavuja akamwambia mkewe mvua haijanyesha. Mwambie ami yako asihangaike kurudi."

Ndivyo posa yangu ilivyokufa, mwanangu, mbele ya majembe na misumari. Nililia siku nzima. Nilimkasirikia baba kwa ukali wake, nikamkasirikia Makame kwa upole wake, na nikiwa katikati ya kilio nikaona kwamba baba amesema kweli, nikazidi kulia.

Kesho yake Bi Mwanakombo akaja kwa mlango wa uani, macho mekundu. Alitaka nimbembeleze baba. Mtoto wa kike wa wakati ule alitakiwa ainamishe kichwa na kusema, mimi sina neno. Lakini nilishaona neno la adabu lilivyotufikisha. Nikamwambia, "Bi Mwanakombo, mie Makame nnamtaka. Ila huyu anayemwogopa baba, kesho ataniogopa na mie, nami akiacha kula sitajua lini mchuzi wangu mbaya na lini yu mgonjwa. Mwambie asije kunililia uani. Kilichoharibika kimeharibika dukani na mabarazani, akakitengeneze hukohuko."

Yule mama alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiagiza. Kisha akatabasamu, akajifunga buibui lake na kwenda.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Makame alianza Malindi. Alimwendea Mzee Haji nyumbani kwake, akamwambia, "Mzee, Salim hakujua. Mie ndiye niliyejua na nikasema uongo." Akaomba amsaidie kuutengeneza ule mlango mpaka mkono upone, na Mzee Haji, baada ya kumtolea maneno ambayo sitakutajia, akakubali. Jioni akawa anakwenda baraza moja baada ya nyingine, pale mafundi walipokunywa kahawa, akiyarudia maneno yaleyale. Fikiria fundi kijana anayetafuta kazi, anasimama mbele ya mafundi wenziwe na kusema alinunua patasi bila kuigonga kisha akaisifu. Walimcheka mpaka wakachoka. Kwa muda mrefu walikuwa wakimwita Nzuri Sana, na wako waliokwenda kaburini wakimwita hivyo. Lakini jina la baba likasafika, na wateja wakaanza kurudi.

Halafu asubuhi moja nikaisikia tena ile sauti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akajibu, mkavu kama ubao.

"Nimekuja kununua patasi."

"Zilizopo ni zilezile. Sanduku hilo, nnataka kulirudisha."

Nikasikia sanduku likifunguliwa, nikachungulia kando ya pazia. Kisha nikasikia sauti niliyoikosa siku ile ya kwanza. Makame aliiinua patasi kwa vidole viwili, akaigonga kwa patasi nyingine. Mlio ukakatika upesi, kama wa bakuli lenye ufa.

"Hii mbovu, baba," akasema, na sauti yake ilitetemeka.

Akachukua ya pili. "Hii pia mbovu." Ya tatu ikalia kwa kirefu, ikaendelea kulia hewani. Akaipeleka kwenye kigogo, akakata, akapitisha tupa ukingoni, akatazama mpini kama umekaa sawa na chuma. "Hii nzuri." Akaiweka upande wake. Basi akaendelea hivyo, sanduku zima, mbovu huku na nzuri huku, na kila aliposema mbovu sauti ilizidi kutulia. Wateja waliingia, wakasimama kutazama, hakuna aliyeuziwa. Nami nyuma ya pazia nilikuwa nikisikiliza kila mlio na kujijibu kimoyomoyo kabla yake, na tulikubaliana.

Alipomaliza, zile nzuri zilikuwa chache. Akazitazama, akafuta mikono.

"Hizi uza, baba, hazitakutia aibu. Zile rudisha. Lakini mie nataka pana, na pana nzuri haimo. Ntakwenda kutazama Darajani."

Kijana anamwambia mzee aliyemnyima binti yake kwamba anakwenda kununua kwa mwingine. Mimi nilifumba macho. Ndipo nikamsikia baba akicheka, kicheko cha tumboni ambacho sikukisikia tangu mama alipofariki.

"Nenda," akamwambia. "Na ukishatoka Darajani, mpitie ami yako. Mwambie Ijumaa nnamngoja, aje na Bi Mwanakombo, na wasije mikono mitupu."

Siku ile baba hakuuza hata msumari mmoja, nami nikapata mume.

Sasa sikiliza, mwanangu, hili ndilo jibu la ulichoniuliza. Wataka duka lenye zana nzuri. Nembo haitakwambia, wala kung'aa, wala nchi ilikotoka, wala udugu wako na mwenye duka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata chema unakitambua kwa kukishika. Patasi uigonge na usikilize mlio wake. Msumeno uupinde taratibu na kuuachia, ukirudi umenyooka ni wako, ukibaki umepinda kwa kiburi uuache hapo. Nyundo itazame pale mpini unapoingia kichwani, na mshipa wa mti uwe umekwenda sawa na urefu wake. Akikukataza kujaribu, mwenye duka ameshakujibu, ondoka na salamu zako.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu ya pili watu wengi hawaitaki, nayo ni kurudi. Ile randa yako iliyokufa makali, umeirudisha dukani? Hukuirudisha. Umekaa kwangu unamlaani mtu ambaye pengine hajui anachouza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo, lakini yupo pia mgema mwingine ambaye tembo lake limechacha naye hana habari, kwa sababu kila mnywaji anamwambia tamu. Duka zuri, mwanangu, halikutwi limekaa tu linakungoja. Linatengenezwa na wateja wanaorudi na kusema kweli. Nenda na randa yako, amkia, zungumza naye kwa adabu, umwonyeshe. Kama ni muungwana atakushukuru. Kama si muungwana umemjua, na umjulishe na mwenzio. Heshima si utumwa, na mtu unayemheshimu ndiye anayestahili kuambiwa kweli kabla ya wengine.

Mimi na babu yako tumeishi hivyo. Hajanificha hata siku moja chumvi ikizidi, na mara nyingine natamani angalau angeona haya kidogo, hasa mbele ya wageni. Lakini anaposema, "Rukia, leo umepika," nakuwa na hakika kwamba nimepika. Ni raha, mwanangu, ambayo siwezi kukueleza, kuishi na mtu ambaye sifa zake zina uzito. Nakuombea uipate kwa mke utakayemwoa na kwa mafundi utakaofanya nao kazi.

Mwenyezi Mungu akubarikie mikono yako, ikupe riziki ya halali na isikupungukie. Akukutanishe na wauzaji waungwana, na akikukutanisha na wasio waungwana, akuepushe nao mapema. Akupe ulimi laini, usimuumize mtu kwa ukali, wala usimponze kwa upole. Na siku watu watakapokusifu, kila mmoja wao awe amekujaribu kwanza. Amin, mwanangu. Nenda na randa yako sasa, kabla hawajafunga kwa adhuhuri.